Je, Mkristo Anayeomboleza Amepoteza Furaha ya Bwana?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni msomaji wako wa Tabata, Dar es Salaam. Mama yangu mzazi alifariki miezi mitano iliyopita, tukamsafirisha kwenda kumpumzisha Moshi. Baada ya kuanua matanga nilirudi mjini nikaendelea na kazi, lakini bado nalia, hasa usiku, na kanga zake mbili nimezihifadhi bila kuzifua kwa sababu zina harufu yake. Mimi ni mwimbaji wa kwaya. Kiongozi wetu ameniambia nikae pembeni mpaka furaha yangu irudi, kwa kuwa Biblia inasema tusihuzunike kama wasio na matumaini, tena furaha ya Bwana ndiyo nguvu zetu, na kwamba machozi ya muda mrefu hivi ni roho ya huzuni inayopaswa kukemewa. Wakati huohuo, juzi katika sendofu ya binamu yangu nilijikuta nacheka sana pamoja na wenzangu, na nilipofika nyumbani nikajiona nimemsaliti mama. Je, huzuni yangu ni dhambi? Na nitawezaje kuitii amri ya kufurahi siku zote?

Jibu: Amina, dada yangu mpendwa, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu yaliyokupata yanawapata Wakristo wengi wa mji huu, wala hayajibiwi kwa mstari mmoja. Lakini nisikuache ukisubiri: huzuni yako si dhambi, wala si dalili kwamba imani yako imepungua. Furaha ambayo Biblia inaiamuru haigombanii nafasi na huzuni, kana kwamba moja ni lazima itoke ndipo nyingine iingie. Katika Maandiko hizi mbili hukaa ndani ya moyo mmoja, kwa wakati mmoja, na mara nyingi kwa watu wenye imani kubwa kuliko wote.

Tuanze na andiko la kwanza ulilosomewa. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike uliandikwa yapata mwaka 50 au 51, na ni miongoni mwa nyaraka za mwanzo kabisa za Mtume Paulo. Kanisa la Thesalonike lilikuwa changa, na waumini wake walikuwa wakimtazamia Kristo arudi upesi. Baadhi yao walipofariki kabla ya siku hiyo, waliobaki waliingiwa na hofu kwamba marehemu wao wameikosa. Hofu hiyo ndiyo Paulo anayoijibu anaposema hataki wasijue habari zao waliolala mauti, "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini" (4:13). Anachowaepusha nacho ni huzuni inayoamini kwamba kaburi limemeza kila kitu na hakuna kinachosalia. Hakuwaambia wafiwa wafute machozi. Sehemu yote hiyo anaifunga kwa agizo, "Basi, farijianeni kwa maneno hayo" (4:18), na watu wasio na huzuni hawana haja ya kufarijiana. Mstari huo ulitolewa uwe kinywani mwa mfariji. Anayeugeuza kuwa shitaka juu ya aliyefiwa anaupeleka kinyume kabisa na pale mwandishi alipoulekeza. Tena ni barua hiyohiyo, sura moja tu mbele, yenye maneno "Furahini siku zote" (5:16), na mistari miwili kabla ya maneno hayo Paulo ameagiza walio dhaifu watiwe moyo, na watu wote wavumiliwe. Kwake yeye, kufurahi siku zote na kumvumilia aliyelemewa vilikuwa mambo ya kanisa moja katika ibada moja.

Waraka kwa Wafilipi unastahili tukae nao zaidi, kwa kuwa ndio unaonukuliwa kuliko nyaraka zote linapotajwa suala la furaha. "Furahini katika Bwana siku zote; tena nasema, Furahini" (4:4). Aliyeandika maneno hayo alikuwa kifungoni, na hali hiyo haifichi. Anavitaja vifungo vyake tangu sura ya kwanza. Waliopokea barua walikuwa watu wa Filipi, mji ambao Paulo na Sila waliwahi kuchapwa kwa bakora mbele ya umati, wakatupwa gerezani na kufungwa miguu kwa mkatale, kisha usiku wa manane wakamwomba Mungu na kumwimbia nyimbo za kumsifu, wafungwa wengine wakisikiliza (Matendo 16). Wahubiri wetu hulipenda sana tukio hilo, nami nalipenda. Lakini soma mpaka mstari wa 33, ambapo mlinzi wa gereza anawaosha mapigo yao saa ileile ya usiku. Waimbaji wale walikuwa na migongo yenye vidonda vibichi, na kuimba hakukuvifunga vidonda hivyo.

Sasa fungua sura ya pili ya Wafilipi. Kanisa la Filipi lilikuwa limemtuma Epafrodito ampelekee Paulo msaada kifungoni, naye akaugua huko karibu ya kufa. Alipopona, Paulo aliandika kwamba Mungu alimhurumia Epafrodito, "wala si yeye tu, bali na mimi pia, nisije nikapata huzuni juu ya huzuni" (2:27). Tafakari maneno hayo, dada yangu. Mtume anayetuamuru tufurahi siku zote anakiri kwamba tayari alikuwa na huzuni moja, na kwamba kama ndugu yake angefariki, ingeongezeka nyingine juu yake. Hasemi kwamba kifo cha Epafrodito kingempa nafasi ya kuonyesha ushindi wake. Angehuzunika, na anaihesabu kuwa ni rehema ya Mungu kwamba hakufikishwa huko. Katika sura ya tatu anasema tena kwamba anaandika habari za watu fulani "hata kwa machozi" (3:18). Kisha ndipo inakuja sura ya nne na amri yake ya furaha. Kwa hiyo amri hiyo ilitoka kwa mtu ambaye, ndani ya barua ileile, amekiri huzuni na machozi yake bila kuomba radhi. Msomaji anayeichomoa sura ya nne na kuziacha zile nyingine amebaki na Paulo ambaye hajawahi kuwepo.

Zingatia pia kwamba amri yenyewe imewekewa mahali: katika Bwana. Paulo haamuru tuyafurahie matukio, wala hataki tukiite kifo kitu kizuri. Katika 1 Wakorintho 15:26 anakiita kifo adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa, na hakuna anayewajibika kumchekea adui. Kinachofurahiwa ni kwamba Bwana aliyekufa na kufufuka hajaondoka, kwamba mama yako yuko mikononi mwake, na kwamba kaburi lile la Moshi si mwisho wa habari zake. Mambo hayo ni kweli siku unayocheka, na ni kweli vilevile saa nane za usiku unapolia. Ndiyo maana amri inaweza kusema siku zote. Kama furaha ingetegemea hali zetu, amri hiyo ingekuwa ukatili.

Andiko la pili la kiongozi wako, "furaha ya BWANA ni nguvu zenu," linatoka Nehemia 8:10, na habari yake inastahili kusomwa yote. Watu waliorudi kutoka uhamishoni walikusanyika Yerusalemu siku ya kwanza ya mwezi wa saba, Ezra akawasomea torati tangu alfajiri hata adhuhuri. Waliposikia jinsi walivyokuwa wameiacha sheria ya Mungu, wote wakalia. Nehemia, Ezra na Walawi wakawaambia wasilie, kwa kuwa siku ile ilikuwa takatifu. Waende wakale vilivyonona, wanywe vilivyo vitamu, na wawapelekee sehemu wale wasio na kitu. Kwanza, pale hapakuwa na msiba; watu walikuwa wakililia dhambi zao, na wakaambiwa kwamba Mungu wao ni wa rehema. Pili, katazo lilikuwa la siku ile. Ukifungua sura inayofuata, utakuta kwamba siku ya 24 ya mwezi uleule watu haohao walikusanyika kwa kufunga, wamevaa magunia na kujitia mavumbi, wakaomboleza na kuungama. Hakuna aliyewakemea. Ndani ya majuma machache, taifa lile lilikuwa na siku yake ya karamu na siku yake ya magunia, na zote mbili zilikuwa mbele za Mungu. Nimesikia mstari wa 8:10 ukinukuliwa mara nyingi katika mimbari za mji huu, na karibu kila mara unakuja bila sura ya tisa.

Hiyo inayoitwa roho ya huzuni nadhani inatokana na Isaya 61:3, panaposema "vazi la sifa badala ya roho nzito." Soma nani anayefanya kazi katika sehemu ile. Mtiwa mafuta wa Bwana ndiye anayetumwa kuwaganga waliovunjika moyo na kuwafariji wote waliao. Mafuta ya furaha na vazi la sifa ni vitu ambavyo yeye anawapa waombolezao. Haipo sentensi inayomwambia mwombolezaji ajishonee vazi hilo mwenyewe kabla hajaruhusiwa kuingia. Kuhusu kukemea, Injili zinatuonyesha Yesu akikemea pepo, homa na dhoruba. Hazituonyeshi akikemea machozi ya mfiwa.

Hilo linatupeleka Bethania. Yohana sura ya 11 inaeleza kwamba Yesu alijua tangu mwanzo atakwenda kumwamsha Lazaro, na alikwisha kuwaambia wanafunzi wake hivyo. Alipofika na kumwona Mariamu, dada yake Lazaro, akilia, na Wayahudi waliofuatana naye wakilia, aliugua rohoni, akafadhaika, na Yesu akalia machozi. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kupita msiba ule akitabasamu, ni yeye, maana dakika chache mbele kaburi lingefunguka. Alilia hata hivyo. Tumaini lake lilikuwa kamili kuliko letu sote, na halikumkausha macho. Sijui hoja iliyo nzito kuliko hiyo kwa mtu anayedhani kwamba ukiamini ufufuo sawasawa hutalia.

Ni kweli kwamba huko Naini alimwambia mama mjane, "Usilie" (Luka 7:13). Lakini mara baada ya kusema hivyo aligusa jeneza, wachukuzi wakasimama, kijana akaketi na kuanza kusema, na Yesu akampa mama yake. Mwenye uwezo wa kumrudishia mama mwanawe palepale anaweza kusema neno hilo. Sisi wengine tulioketi chini ya turubai, tukiwa na daftari la rambirambi na viti vya kuazima, agizo letu liko Warumi 12:15: kufurahi pamoja nao wafurahio, na kulia pamoja nao waliao. Yuko pia nabii Ezekieli, ambaye Mungu alimkataza kumlilia mkewe (Ezekieli 24), na huenda mtu akakutajia habari hiyo. Katazo lile lilikuwa ishara ya pekee ya maangamizi ya Yerusalemu, na watu walipomwona hafanyi matanga walishangaa wakamuuliza maana yake. Wangemshangaa kwa nini, kama kutolilia wafu kungekuwa desturi ya wacha Mungu?

Unaniuliza, kwa namna fulani, kama miezi mitano ni mingi mno. Hapa mjini mfiwa hupewa muda mfupi sana. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo. Kwa mtu anayesafirisha mwili kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya, mbili kati ya hizo zinaishia barabarani. Akirudi, turubai limeshakunjwa, majirani wameshachukua masufuria yao, na kila mtu anatarajia kumkuta mzima. Israeli walimlilia Musa siku 30, na kabla yake Haruni siku 30. Wamisri walimlilia Yakobo siku 70, kisha Yusufu akafanya matanga mengine ya siku 7 alipofika na mwili wa baba yake katika nchi ya Kanaani. Hizo zilikuwa siku za maombolezo ya hadhara, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba zilipokwisha, moyo wa mtu ulitakiwa uwe umekwisha pia. Sioni katika Maandiko tarehe ya mwisho ya kulia, isipokuwa ile ya Ufunuo 21:4, siku Mungu mwenyewe atakapofuta kila chozi katika macho yao.

Na zile kanga usizionee aibu. Katika Matendo 9 mwanamke mwanafunzi aliyeitwa Dorkasi alifariki huko Yafa, na Petro alipofika aliwakuta wajane wote wamesimama wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea wakati alipokuwa pamoja nao. Luka angeweza kuiruka habari hiyo ya nguo, kwa kuwa muujiza haukuitegemea, lakini ameiandika: wanawake wameshika kazi ya mikono ya marehemu wao na kumwonyesha mtume. Petro hakuwaambia waziweke chini. Katika sura ya nane ya kitabu hichohicho, Stefano alipouawa kwa mawe akiwa amejaa Roho Mtakatifu, akiona mbingu zimefunguka, watu watauwa walimzika na kumfanyia maombolezo makuu. Hakuna aliyekuwa na shaka Stefano amekwenda wapi. Walimlilia sana kwa sababu walimpenda.

Nije kwenye kwaya, jambo ambalo naona limekuumiza kuliko ulivyolieleza. Kitabu cha Zaburi kilikuwa kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu, na yapata theluthi moja ya zaburi zake ni maombolezo. Wakati Zaburi ya 13 inapoanza, "Ee BWANA, hata lini? Utanisahau hata milele?", kichwa chake kinaonyesha kwamba ilitolewa kwa mwimbishaji. Zaburi ya 88, ambayo ndiyo yenye giza kuliko zote na inakwisha bila kugeukia sifa, kichwa chake kinasema ni wimbo, zaburi ya wana wa Kora. Wana wa Kora walikuwa Walawi waimbaji. Maana yake ni kwamba kilio kile hakikuachwa chumbani kwa mtu mmoja. Kilipewa kwaya, kikaingizwa katika ibada, ili aliyekata tamaa asikie kilio chake kikiimbwa na walio hodari. Kanisa lisiloimba maombolezo linawafundisha waumini wake kwamba mbele za Mungu kuna sura moja tu inayokubalika, na waliofiwa wanajifunza kuwa waongo au kubaki nyumbani. Sisemi hivyo kumdharau kiongozi wako, ambaye pengine alidhani anakusaidia kupumzika. Nasema hivyo kwa sababu naogopa yatakayompata muumini atakayefiwa kesho katika ushirika huo na kuona jinsi wewe ulivyotendewa.

Ukitaka kurudi kuimba, rudi, hata kama utakatika sauti katikati ya ubeti na wenzako wakaendelea bila wewe. Ukitaka kupumzika kwa muda kwa sababu umechoka, pumzika. Uamuzi uwe wako, wala usitokane na hofu kwamba uso wako utaharibu ibada. Unaweza kumwomba kiongozi mkae pamoja, msome Zaburi ya 88 yote, kisha umwulize kwa heshima ni nani aliyeimba zaburi hiyo na wapi. Naamini mazungumzo hayo yatawafaa ninyi nyote wawili kuliko mabishano.

Sasa kicheko cha kwenye sendofu. Hapa naona umebeba mzigo wa pili uliopandishwa juu ya ule wa kwanza: wengine wanakulaumu kwa kulia, nawe unajilaumu kwa kucheka. Mzigo huu nao utue. Paulo aliwaeleza watumishi wa Mungu kuwa "kama wenye huzuni, bali siku zote tu wenye furaha" (2 Wakorintho 6:10), na hakuona haja ya kueleza inawezekanaje, maana ndivyo alivyoishi. Habari iliyo wazi zaidi iko Ezra sura ya 3. Wahamishwa walipoweka msingi wa hekalu jipya mahali pa lile lililoteketezwa na Wababeli miaka hamsini hivi kabla, vijana walipiga kelele za shangwe. Wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza kwa macho yao walilia kwa sauti kuu. Ezra anasema watu hawakuweza kupambanua sauti ya kelele za furaha na sauti ya kilio, na kelele hizo zikasikiwa mbali. Makuhani walikuwa wamesimama na baragumu zao, Walawi na matoazi yao, na hakuna aliyewaambia wazee wanyamaze ili sherehe isiharibike, wala aliyewaambia vijana waone haya. Jumuiya yote ilikuwa mbele za Mungu mmoja, kwa ajili ya nyumba moja. Unachoshangaa wewe ni kwamba sauti zote mbili zinatoka katika kifua kimoja.

Mama aliyekulea hakupungukiwa na kitu ulipocheka. Kicheko kile nakihesabu kuwa zawadi, na zawadi ya Mungu hupokelewa kwa shukrani, hailipiwi kwa kujiadhibu. Wapo walimu wanaosema kwamba furaha ya Kikristo si hisia bali ni uamuzi mkavu wa nia. Sikubaliani nao. Furaha ya Biblia inakula, inacheza, inapiga vigelegele. Zaburi ya 126 inasema kinywa chetu kilijaa kicheko, na katika zaburi hiyohiyo wapo wapandao kwa machozi. Wewe hujaitwa kuigiza furaha hiyo. Umeitwa kuipokea inapokuja, hata ikija kwa nusu saa tu ukumbini, na kuomba irudi inapokawia.

Je, utaitiije amri basi? Anza na maombi ya kweli. Mwambie Mungu jinsi ulivyo, kwa maneno ya zaburi kama ya kwako yamekwisha; Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na unaweza kuisoma kabla ya kulala. Kulia mbele za Mungu, ukimwelekezea yeye, tayari ni imani, kwa sababu mtu hamlilii asiyemtarajia. Kisha endelea kwenda mahali ambapo Habari Njema inasemwa kwako na mwingine, hasa Meza ya Bwana, ambapo kanisa huitangaza mauti ya Bwana hata ajapo na kushukuru kwa ajili yake katika tendo lilelile. Taja pia jambo moja jema kila siku na umshukuru Mungu kwa hilo, hata likiwa dogo kama uji uliopikiwa na jirani. Sikupi mambo haya kama dawa ya kuondoa huzuni. Nakupa kama njia za kukaa katika Bwana ukiwa na huzuni yako, nayo furaha ni tunda la Roho (Wagalatia 5:22), ambalo hukua kwa wakati wake.

Huenda mtu akakusomea 2 Wakorintho 7:10, kwamba huzuni ya dunia hufanya mauti. Mstari huo unahusu mtu aliyeonywa juu ya kosa na kama anatubu au hatubu. Hauhusu msiba.

Neno langu la mwisho linahusu mwili wako. Huzuni ya kufiwa si ugonjwa, lakini inaweza kufuatana na ugonjwa, na Biblia haimtenganishi mtu na mwili wake. Nabii Elia, akiwa ametoka kuuona moto ukishuka Karmeli, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, malaika akamwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akalala tena, akalishwa tena, na mazungumzo yakaja baadaye sana, mlimani Horebu. Kwa hiyo nakuuliza kama ndugu: unalala? Unakula? Umeacha kujali watoto, kazi au usafi wako? Kuna saa unazotamani usiwepo duniani? Ukiwa na jambo hilo la mwisho, usingoje hata siku moja. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo akusindikize hospitali; Hospitali ya Taifa Muhimbili ina huduma ya afya ya akili, na hata daktari wa kituo cha afya kilicho karibu nawe anaweza kukupa rufaa. Kama ni usingizi na hamu ya kula tu vilivyopotea kwa muda mrefu, nenda pia ukapimwe. Mkristo anayemwona daktari hajapunguza maombi yake, kama vile Elia hakupunguza unabii wake kwa kula mkate.

Na kwa kuwa barua yako haitaji mtu hata mmoja anayekutembelea siku hizi, mtafute mama mmoja wa jumuiya yenu ambaye naye amewahi kumzika mzazi, umwombe aje mkae naye jioni moja. Asije na mahubiri. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku zile saba walipoketi naye chini bila kusema neno, na makosa yao yalianza walipofungua vinywa kueleza sababu. Mwonyeshe kanga, umsimulie mama alikuwa mtu wa namna gani, na kama mtacheka katikati ya kusimulia, chekeni.